Zamu za Kukaa na Wanjira

Tulimzika Wanjira huko Kianyaga, kwenye shamba la chai la mumewe, siku ambayo mvua ilitishia tangu asubuhi na haikunyesha. Baada ya mazishi tulipewa chakula chini ya hema, na binti yake Wangari, ambaye sasa nywele zake zimeanza kuwa nyeupe, akaja kuketi kati yangu na Peris, majirani wa zamani wa mama yake, sahani yake magotini. Alisema mama yake alizoea kumwambia kwamba yeye hakulelewa na nyumba, alilelewa na ploti, na kila alipouliza maana yake, mama alicheka akaendelea na kazi. "Nyinyi mlikuwa huko," alisema. "Ni nini ilitokea?" Peris siku hizi hasikii vizuri, lakini hilo alilisikia. Aliniangalia akasema, "Nyambura, wewe ndiye uliongea na daktari. Mwambie." Nilimwambia kidogo tu, kwa kuwa watu walikuwa wengi na kipaza sauti kilikuwa kikiita majina ya waliotoka mbali. Yaliyobaki nayaandika hapa, kwa sababu mwaka ule ndio ulionifundisha mengi ya yale ninayoyajua kuhusu watu, na kwa sababu wengine tuliokuwa nao wamekufa bila kuulizwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimeajiriwa kama opareta wa simu katika posta ya Nyeri, nikapanga chumba mtaa wa Majengo, kwenye ploti ya Bi Zuhura. Vyumba vilikuwa vya mbao na mabati, vimepangwa kuzunguka uwanja wa udongo, na katikati ya uwanja palikuwa na mfereji mmoja wa bomba ambao kila mtu alijua mlio wake. Jiko lilikuwa kibanda cha mabati tulichotumia sote, cheusi kwa moshi, na mwezi wa Julai, ukungu ukishuka kutoka mlimani na kukaa mjini mpaka saa sita, hatukutoka humo. Bi Zuhura alikuwa mjane wa Kiislamu aliyezaliwa papo hapo Majengo. Alipika sambusa na mandazi za kuuza, na mtu aliyeingia ploti yake na njaa hakutoka nayo. Chumba kilichopakana na changu kilikuwa cha Peris, mshonaji, mwanamke aliyeokoka, ambaye alianza kuomba kwa sauti kabla hakujapambazuka na kutaja kila mpangaji kwa jina. Upande wangu wa pili kilikuwa chumba cha Mwalimu Gathogo. Kazini nilifundishwa kutosikiliza maneno ya watu wanaozungumza kwenye laini. Nyumbani, kwa kuta zile, haikuwezekana, kwa hiyo nilisikia kila siku Peris akimwombea Mwalimu afunguliwe macho, na Mwalimu, upande wa pili wa ubao, akikohoa na kupiga mswaki.

Mwalimu hakuamini Mungu. Alifundisha shule ya msingi, alikuwa mrefu, mwenye kabuti moja ya kijivu, na jambo hilo alilisema jinsi mtu anavyosema kwamba hanywi chai ya maziwa. Jumapili yangu ya kwanza nilimsikia Peris akimwalika kanisani. Alijibu, "Asante, Dada Peris. Mimi siamini, basi nikienda nitakuwa nadanganya watu." Peris akamuuliza, "Kwani nani alikuumba?" naye akasema hajui, na kwamba kutojua hakumnyimi usingizi. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mweusi akisema hivyo. Wengine mjini walisema ni komunisti. Bi Zuhura alisema ni mpangaji asiyeleta fujo, na akiteka maji huwajazia na wengine. Mimi nilikuwa binti wa kwenda kanisani bila kuuliza, nikaamua kwamba nitamsalimu lakini sitamzoea.

Wanjira na mumewe Kariuki walikuwa kwenye chumba cha kona. Kariuki aliendesha matingatinga kwenye barabara kuu iliyokuwa ikijengwa kaskazini, mbele ya Isiolo, na alikuwa akirudi mara chache. Alirudi Wangari alipozaliwa, akakaa siku chache, akarudi kambini. Wanjira alikuwa msichana mcheshi wa rika langu, fundi wa kuiga watu, na ndiyo maana nilikawia kuona kwamba kuna kitu. Kwanza aliacha kulala. Kila nilipoingia kutoka zamu ya usiku nilimkuta mferejini akifua nepi zilizokwisha kufuliwa. Halafu akaanza kuniambia kwa sauti ya chini kwamba hospitalini walimbadilishia mtoto, kwamba huyu si wake, tazama masikio. Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Asubuhi moja ya ukungu nilifika nikamkuta amechutama uwanjani, na mtoto yumo kwenye karai la maji ya mfereji, uchi, maji yamemfika shingoni. Hakuwa akilia. Alikuwa amekwisha kuacha kulia, midomo ya rangi ya wino, na Wanjira akimsugua taratibu na kuniambia, "Namtoa harufu ya yule mwingine, ndipo wangu arudi." Nilimnyakua mtoto nikapiga kelele. Mwalimu alitoka akiwa na baiskeli yake, akaiacha ianguke, akamshika Wanjira mikono kwa sababu alikuwa ananijia kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Bi Zuhura alikuja akafungua gauni lake palepale uwanjani, akamweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, akajifunga leso mbili juu yake, akaingia jikoni karibu na moto. Peris alimkumbatia Wanjira kwa nyuma akaomba kwa sauti, na nakumbuka kwamba Mwalimu hakuiachia mikono ile mpaka Peris aliposema amina. Kisha tukasikia mtoto akilia kule jikoni.

Ugomvi ulianza kabla ya chai kumiminwa kwenye vikombe. "Hii si ugonjwa ya hospitali," Peris alisema. "Hii ni vita ya roho. Nitaita ndugu, tuombe na tufunge." Mwalimu akasema mama huyu anahitaji daktari leo, si kesho. Peris akamwambia yeye haoni vitu vya rohoni, atajuaje? Mwalimu akasema haoni, ni kweli, lakini karai ameliona. Bi Zuhura, mtoto kifuani, aliwakata wote wawili: "Nyie gombaneni. Mtoto anataka maziwa, na mama yake hajala tangu juzi. Nani anakwenda wapi?" Waliniangalia mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa nimesimama tu na sijachukua upande. Nilisema naenda naye hospitali, na Peris aje aombe njiani. Peris alifikiri akachukua koti lake.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema ugonjwa huu huwapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, kwamba una dawa, na kwamba wengi hupona lakini si upesi. Angeweza kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili huko Nairobi, ambako mtoto hangeruhusiwa. Au angeweza kumpa vidonge arudi nyumbani, mradi asiachwe peke yake hata kidogo, na asiachwe kabisa na mtoto. "Mko na watu wa kukaa naye?" aliuliza. "Mchana na usiku? Miezi, si siku." Wanjira alikuwa ameketi kati yetu akichezea kifungo cha gauni. Nikasema, "Tuko." Peris aligeuka kunitazama. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote, na kati ya sisi wote hakukuwa na aliyekuwa hata binamu yake. Mara nyingi maishani nimejiuliza neno lile lilitoka wapi. Sidhani lilitoka kwenye imani yangu, kwa maana sikukumbuka kuomba. Lilitoka, nafikiri, kwa kuwa nilijua jikoni kuna watu wanaosubiri.

Hapakuwa na mkutano. Tulikula githeri ya Bi Zuhura, mahindi na maharagwe, jioni hiyo, na kila mmoja akasema anachoweza. Mimi nilichukua saa ambazo zamu za posta ziliniachia. Peris alihamisha cherehani yake kwenye chumba cha Wanjira akashona humo, na usiku akalala humo, akirudi chumbani kwake kuomba tu. Mwalimu alichukua saa zote baada ya shule, ila akasema mlango utakuwa wazi daima na kiti chake kitakuwa kizingitini, ili anayepita aone. Bi Zuhura alichukua mtoto. Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda. Halafu Wanjira akakataa chakula.

Alisema chakula kina sumu isipokuwa kimeombewa. Kwangu na kwa Peris haikuwa shida. Kwa Bi Zuhura pia alikubali, baada ya kufikiri, dua ya Kiarabu. Lakini jioni ilikuwa zamu ya Mwalimu. Alimwambia, "Sitakudanganya, mama. Mimi siombi. Lakini nitakula mbele yako, uone." Akala vijiko viwili vya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Wanjira akamtazama akamwambia, "Wewe huna Mungu. Sumu itakujuaje?" Nilikuwa uwanjani nikianika nguo, nikacheka mpaka nikashika kamba. Peris hakucheka. Alimfuata Mwalimu mpaka mlangoni kwake, na ukuta ukanipa yote. "Ni maneno tu!" Peris alisema. "Sema 'bariki chakula hiki', mgonjwa ale. Ama utamwacha akae njaa juu ya kiburi yako?" Mwalimu akasema, "Kwangu ni maneno tu, ndiyo. Kwako si maneno tu. Nikiyasema uongo mbele ya mgonjwa anayeyaamini, je, hapo si ndipo nitakuwa nimekudharau wewe?" Peris alirudi kwake. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale, nilisikia kimya katika chumba chake.

Kesho yake yeye ndiye aliyekuja na njia. Mwalimu angerudi mchana wakati wanafunzi wanakula. Peris angeombea sufuria ya jioni saa hiyo, na Mwalimu angekuwepo. Basi ikawa hivyo. Kila mchana wa siku za shule, Mwalimu aliingia na baiskeli akihema, akavua kofia, akasimama kando ya jiko huku Peris akifumba macho na kuombea sufuria ya viazi na maharagwe, tena sala ndefu, kwa kuwa Peris hakujua sala fupi. Jioni Wanjira aliuliza, "Nani ameombea?" "Dada Peris." "Ulisikia?" "Nilisikia. Nilikuwa nimesimama hapo." "Alisema amina?" "Alisema mara mbili." Wanjira akala. Mwalimu hakusema uongo hata mara moja, na Peris, ambaye kwa miaka alikuwa amemwombea asikie neno, alipata mtu wa kusikiliza kila siku, ingawa alimlalamikia Bi Zuhura kwamba jamaa anasimama kama nguzo ya simu.

Kuna picha moja ya miezi ile ninayoiona bila kujaribu. Ni alasiri, nimetoka kulala, nasimama mlangoni kwangu na kikombe cha uji. Bi Zuhura yuko kwenye mkeka wake anaswali. Mtoto yuko mikononi mwa Mwalimu, ambaye anamshika kama kitabu cha mtu mwingine. Ndani, cherehani ya Peris inakwenda na Peris anaimba wimbo wa kanisani kwa Kikuyu, na Wanjira ameketi kitandani akikunja vipande vya kitambaa. Hakuna anayezungumza na mwenzake. Bi Zuhura anamaliza, anakunja mkeka, ananyoosha mikono, na Mwalimu anampa mtoto. Ni hayo tu. Nimekaa katika makanisa na mikutano mingi tangu hapo nikasikia watu wakieleza upendo ni nini, na akili yangu hurudi kwenye uwanja ule wenye matope.

Haikuwa rahisi kwa mtu yeyote. Ndugu wa ushirika wa Peris walikuja wakitaka kumpeleka Wanjira kwenye maombi makubwa Karatina, na wakasema vidonge viachwe kwanza, maana kumeza dawa ni kuonyesha shaka. Peris alisimama mlangoni akiwa na futi ya kupimia shingoni. Aliwaambia, "Ombeni hapa uwanjani, nitafurahi. Lakini dawa yake ni saa hii, na mimi ndiye nampa." Waliomba uwanjani. Baadaye wakamwambia Peris asitoe ushuhuda tena mpaka aweke mambo yake sawa. Yeye ambaye ushuhuda ulikuwa ndio sherehe yake ya wiki alikaa benchi la nyuma miezi mingi, na hakutueleza. Nilisikia ukutani, akimweleza Mungu. Mwalimu naye alikuwa na yake. Maneno yalizunguka Majengo kwamba mwanamume asiye na mke anashinda na mke wa mtu, na kwamba mtu asiyemwogopa Mungu ataogopa nini?

Maneno hayo yaliniogopesha kwa sababu ya Kariuki. Tulikuwa tumemtumia habari kupitia madereva, hazikumfika. Basi siku moja, laini zikiwa tupu, nilimwomba opareta wa Nanyuki aniunganishe na Isiolo, na yule wa Isiolo, mwanamume ambaye sijawahi kumwona, aliniambia kambi haina simu lakini ana jamaa anayepeleka mafuta huko. "Niambie maneno gani, dada, na nitayafikisha vilevile." Nikasema: mke wako ni mgonjwa, mtoto yuko salama, rudi. Hayo yalifika. Lakini njiani, kwenye steji ya mabasi ya Nyeri, Kariuki alikutana na mtu aliyempa ule uvumi kabla hajafika kwetu.

Aliingia ploti jioni, mavumbi ya kaskazini kwenye nyusi, akamkuta Mwalimu ameketi kizingitini na bakuli, akimlisha mkewe kwa kijiko, maana mikono ya Wanjira ilikuwa ikitetemeka kwa dawa. Hakuuliza kitu. Alimshika Mwalimu kola akamsimamisha, bakuli likavunjika. Mwalimu hakujitetea. Alisema tu, "Mshike mama kwanza, ameogopa." Kariuki aliinua mkono. Peris alikuwa tayari ametoka jikoni. "Baba Wangari!" alisema, kwa sauti ambayo nilidhani ni ya Mungu peke yake kusikia. "Unanijua?" Kariuki akasema anamjua. "Ushawahi kunisikia nikisema uongo?" Hajawahi. "Basi nisikie. Mimi na huyu mtu hatukubaliani kitu hata moja. Hapendi Mungu yangu na mimi sipendi kichwa ngumu yake. Lakini miezi yote hii mlango haijafungwa, na kama si yeye, na huyu msichana wa posta, na huyu mama Mwislamu, ungekuta kaburi mbili." Bi Zuhura alitoka na mtoto akamweka mikononi mwa baba yake. Kariuki alisimama pale, mtu mkubwa, akamtazama mtoto mnene anayemshangaa. Kisha akaketi chini udongoni. Wanjira, ambaye alikuwa amejibanza kitandani, alisema kwa upole, "Githeri imemwagika." Lilikuwa jambo la kwanza la kawaida kumsikia akilisema kwa muda mrefu.

Kariuki alitaka kumpeleka Kianyaga siku iliyofuata. Daktari alimshauri asimhamishe mahali alipozoea, naye akapata ruhusa kazini, akakaa, akachukua zamu kama sisi. Wanjira alirudi polepole, na hakurudi moja kwa moja: wiki nzuri, wiki mbaya, asubuhi moja ya kulia bila sababu. Siku niliyojua amepona ilikuwa siku aliponiona nikimfunga mtoto nepi. Alisimama nyuma yangu akasema, "Nyambura, unafunga mtoto ama unafunga gunia ya viazi?" Akamchukua, akamfunga mwenyewe, kisha akaniiga jinsi ninavyosema "namba gani, tafadhali" kazini, na sote tukacheka mpaka Bi Zuhura akafuta macho kwa leso.

Karibu na Krismasi waliamua kumbatiza mtoto. Mwalimu alikuwa amepewa uhamisho wa Endarasha kuanzia Januari, ambako alifundisha mpaka alipokufa, na Wanjira alitaka awe mdhamini wa mtoto kabla hajaondoka. Mwalimu alishukuru akakataa. "Huko mbele wataniuliza ninaamini nini," alisema, "na jibu langu litawaharibia siku." Peris ndiye aliyesimama mdhamini. Lakini Mwalimu alikuja. Ibada ilikuwa ya Kiswahili, kwa ajili ya watu wa mjini, na aliketi benchi la mwisho na kabuti yake, kati yangu na Bi Zuhura, ambaye alikuwa ameambiwa na majirani asikanyage kanisani na akawajibu kwamba haendi kanisani, anakwenda kwa mtoto wake.

Ilipofika wakati wa kukiri imani, kanisa zima lilisimama. Hao wawili walibaki wamekaa. Watu waligeuka, na mama mmoja mbele yetu alisonya. Mwalimu alitazama mikono yake. Tulipoketi, mchungaji alimchukua Wangari, akawauliza wazazi maswali yao, na Peris yake. Kisha akainua macho akatuambia sote kwamba mtoto huyu si wa wazazi wake peke yao, na anayekubali kumtunza asimame ajibu. Nilisikia benchi likilia. Mwalimu alikuwa amesimama kabla yangu, na kabla ya mama yule aliyesonya, na Bi Zuhura alikuwa ameshika mkono wa kabuti yake ili ainuke. "Mtamsaidia mtoto huyu akue?" mchungaji akauliza. Jibu lilikuwa, "Tutamsaidia, kwa neema ya Mungu." Bi Zuhura alisema "Inshallah" kwa sauti, na baadhi ya watu wakacheka. Mwalimu alikuwa na sauti ya darasani, iliyozoea kufika ukuta wa nyuma, na siku hiyo ilifika mbele mpaka Peris akageuka. "Tutamsaidia," alisema, akanyamaza hapo. Sisi wengine tukaendelea na maneno yaliyobaki, kisha wote tukaketi.